Waifai ya Mzee Ngwali na Uso Usiozimwa

Jina la nchi yenyewe msiniulize. Limebadilishwa mara nyingi, na kila likibadilishwa, anayeponyokwa na lile la zamani huitwa kituoni kujieleza, nami nina kazi zangu za kufanya. Tuseme tu ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina wizara nyingi kuliko mito, na watu wake wana furaha tele. Tunajua wana furaha kwa sababu redio huwatangazia kila asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupiga simu kukanusha.

Humo alikaa Mzee Ngwali, mshona suti aliyestaafu, mpole wa kupindukia. Maisha yake yote hakuwahi kugombana na serikali wala na mkewe, na kama angelazimishwa kugombana na mmojawapo, angechagua serikali. Mke mwenyewe alikuwa Bi Riziki, na Bi Riziki hakuwa mpole hata chembe.

Wawili hawa walijaliwa mtoto mmoja tu, Salha, aliyekwenda ng'ambo kusomea uuguzi na sasa alikuwa anaolewa huko huko. Mchumba kapatikana, mahari yameshasemwa, ndoa ni Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Kilichobaki ni baba mtu aonekane kwenye simu, asikike kwa sauti yake mwenyewe, amuozeshe mwanawe. Sheikh wa mji ule alikuwa kashikilia hapo.

"Nataka nimwone mzazi kwa macho yangu," alisema, "maana hapa tumeshaletewa baba wa kukodi, na mmoja alikuwa mdogo kuliko bibi harusi."

Tena sheikh huyo alikuwa anasafiri Jumamosi kwenda Hija, na bwana harusi anahamishiwa mji mwingine kikazi. Ikipita Ijumaa hiyo, ndoa imepita. Mzee Ngwali alikuwa ameshona suti za maharusi wa watu tangu ujana wake, na usiku mmoja alimwambia mkewe kwamba hakuna kitu anachokitaka duniani kama kusema yale maneno machache kwa ajili ya Salha.

Alhamisi jioni akaichukua simu ahakikishe mambo yako sawa. Akagusa kitufe cha waifai. Kitufe kikasogea kulia, kikatulia kidogo kama kinachotafakari, kikarudi zake kushoto. Akakigusa tena. Kikaenda, kikarudi. Akakibembeleza kwa kidole gumba, akakisomea Bismillahi, akakipuliza. Kikaenda, kikarudi.

"Mama Salha!" akaita. "Njoo uone balaa. Waifai imekataa!"

Mtasema si atumie njia nyingine. Mnasema hivyo kwa kuwa hamjakaa huko. Simu za kawaida za ng'ambo zilikuwa zimefutwa zamani, baada ya Wizara ya Usalama kugundua kwamba jamaa walio nje, kila wakipiga, huuliza habari za nyumbani. Ikaachwa waifai ya taifa peke yake, moja kwa nchi nzima, jina lake Mlezi Anakuona. Na kuazima simu ya jirani ni kosa. Kila raia ana simu yake, na katika kila simu, kioo kizima, kuna uso wa Mlezi Mkuu wa Taifa unakutazama. Ukishika simu ya mwenzio, Mlezi atachanganyikiwa hajui anamtazama nani, na kumchanganya Mlezi kuna kifungo chake.

Dawa ya ugonjwa ule kila mtu anaijua. Ninyi mnaijua, na watoto wenu wa chekechea wanaijua. Unaizima simu, unaiwasha, basi. Lakini ukiizima simu, uso nao unazimika, na kulikuwa na Sheria ya Kutozimwa kwa Uso iliyosema kwamba anayeuzima uso wa Mlezi ni sawa na aliyemzima Mlezi mwenyewe. Kwa hiyo simu za nchi ile hazijawahi kuzimwa tangu zilipotoka dukani. Watu walitembea na chaja shingoni. Hata mtu akifa, ndugu hugawana nguo na vyombo, na mmoja hubebeshwa kazi ya kuichaji simu ya marehemu. Ya kaka yake Mzee Ngwali ilikuwa pale juu ya kabati, inang'aa, na mwenyewe yuko kaburini gizani.

"Baba Salha," akasema Bi Riziki, "si uizi..."

Mzee Ngwali aliitupia simu kanga kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akamziba mkewe mdomo.

"Mama Salha! Unataka mwanetu aolewe sisi tuko ndani?"

Bi Riziki akautoa ule mkono. "Nataka mwanangu aolewe. Tukiwa ndani, tukiwa nje, hilo tutaliona baadaye."

Ijumaa asubuhi na mapema Mzee Ngwali alikuwa mlangoni kwa Fundi Jecha, fundi simu wa mtaa, mtu mwenye mikono myepesi na roho nyepesi zaidi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jecha mwanangu, nikomboe. Leo namuozesha Salha na waifai haitaki kushika."

Fundi akaigeuza simu, akaingia kwenye mipangilio, na papo hapo akaanza kutoka jasho.

"Mzee, njia zipo," alisema, akiangaza mlangoni. "Ya kwanza, naweza kuiambia simu iusahau mtandao halafu iujue upya. Hapa pameandikwa, Sahau. Lakini tazama litakavyosomeka." Akamwonyesha. Kioo kilikuwa kinauliza: Je, unataka kusahau Mlezi Anakuona?

Mzee Ngwali alirudi nyuma hatua nzima. "Sitaki kusahau! Nani kasema nataka kusahau?"

"Nami sijasema. Ya pili, kuna hii ya ndege. Unaiweka simu kwenye hali ya ndege, unaitoa. Ila ndege nchi hii anapanda Mlezi peke yake, na mwaka jana shemeji yangu aliigusa kwa bahati mbaya, wakaja kumuuliza alikuwa anakwenda wapi na nani kamruhusu."

"Acha hiyo."

"Ya tatu, kuirudisha simu ilivyokuwa mwanzo kabisa."

"Mwanzo kabla ya Mlezi?"

Wakatazamana. Fundi aliufunga ule ukurasa haraka, akaifuta simu kwa kitambaa mahali alipokuwa ameigusa.

"Na ile nyingine," akanong'ona Mzee Ngwali, "ile ya kawaida?"

"Nyingine ipi?" akasema Fundi Jecha kwa sauti kubwa ya kusikika barabarani. "Mimi siijui nyingine! Nimesoma hizi tatu tu! Nenda wizarani, mzee wangu, na Mungu akujalie."

Wizara ya Mawasiliano Yasiyoonekana ilikuwa jengo refu la vioo. Ofisa aliyempokea alimsikiliza kwa heshima, huku simu yake ikiwa imesimamishwa mezani mkabala naye ili Mlezi aone kazi inavyokwenda.

"Mzee wangu, tusiseme waifai imekataa," alisema. "Katika nchi hii waifai haikatai. Sema hujaipokea."

"Sawa, mwanangu. Sijaipokea. Nifanyeje niipokee?"

"Umejaribu kuitaka?"

"Nimeitaka tangu jana jioni."

"Umeitaka kwa moyo mkunjufu?"

Mzee Ngwali akashikwa na hasira, kitu kigeni kwake, hata hakujua aipeleke wapi. Akajikuta anaropoka yote: binti, sheikh, Hija, alasiri, ng'ambo nzima imekaa inasubiri kumwona yeye kwenye kioo. Ofisa alipolisikia neno ng'ambo akainuka kwenye kiti. Watu wa nje wataiona nchi moja kwa moja, leo, kwenye kioo! Akakimbia ghorofani. Muda haukupita, akashuka nyuma ya Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Daktari Sadifu Mapambio, aliyekuwa na udaktari mara mbili na hajawahi kumtibu mtu.

"Mzee," Waziri akasema, akimkumbatia huku akitafuta mpiga picha kwa jicho, "tatizo lako limekwisha. Nakuja kwako kulizindua."

Katika nchi ile kila kitu huchelewa isipokuwa turubai. Mzee Ngwali alipofika nyumbani alikuta turubai limeshasimama uani, viti vya plastiki vimepangwa, kwaya imevaa sare, na Bi Riziki amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Hii ni harusi ya Salha au kampeni?" akauliza.

"Nilikwenda kuomba waifai," akasema mumewe kwa unyonge, "wakanipa hivi."

Simu ilipokelewa kwa saluti na Mkaguzi wa Nyuso wa mtaa, Afande Kombo, baba mtu mzima mwenye masharubu, ambaye kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiangalia kama nyuso zinawaka. Akailaza juu ya mto mwekundu, akaifunga utepe, akaichomeka kwenye chaja, maana betri ilikuwa imebaki kiduchu kwa kutafuta mtandao kutwa. Ikatokea shida moja ndogo. Nyumba ya Mzee Ngwali ilikuwa na soketi moja nzima, na spika za Mheshimiwa nazo zilitaka umeme.

"Chomoa hiyo kidogo," Waziri akamwambia Kombo.

"Hii, Mheshimiwa? Ya Uso?"

"Kidogo tu, bwana! Nitamsifuje Mlezi bila spika?"

Kombo akachomoa.

Utepe ukakatwa. Waziri akanyoosha kidole, kwaya ikashika pumzi, na kidole kikatua kwenye kitufe. Kitufe kikasogea kulia. Lo, makofi! Ngoma, filimbi, na wapiga picha wakaruka kuiwahi picha, kwa kuwa walikuwa wazoefu wa miradi ya serikali na walijua haikai. Kitufe kikarudi kushoto, lakini picha zilikuwa zimeshapatikana.

"Imetengemaa!" Waziri akatangaza.

"Mheshimiwa," Mzee Ngwali akasema, "imerudi."

"Imerudi nini? Mwonyesheni picha."

Akaonyeshwa picha. Kweli, kwenye picha ilikuwa inafanya kazi.

Ndipo hotuba ikaanza. Waziri alianzia kwenye kuumbwa kwa hewa, akasema mawimbi hayakuwepo nchini mpaka Mlezi alipoyaita. Akasimulia jinsi Mlezi, akiwa bado anabebwa mgongoni, alivyonyoosha kidole mbinguni na redio ya jirani ikashika. Kwaya ikaitikia. Mzee Ngwali alikaa kiti cha mbele, kanzu yake ya harusi mwilini, macho kwenye simu. Adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikitini. Huko ng'ambo wameshapanga mikeka. Salha ameshavalishwa. Sheikh anatazama saa. Machozi yakamtoka mzee wa watu hadharani, na mpiga picha mmoja akayapiga picha akiandika chini yake kwamba ni ya furaha.

Akainuka akapiga magoti. "Mheshimiwa, nakuomba, mwanangu ananisubiri. Nina huyu mmoja tu."

"Namalizia, mzee, namalizia!" Waziri akasema, akafungua kurasa nyingine. "Ndugu wananchi! Itazameni nuru hii! Viongozi wa nchi jirani huwaka wakazimika. Lakini uso huu mnaouona hapa juu ya mto haujawahi kuzimika, hauzimiki, wala hautazi..."

Ukazimika.

Simu ilibaki nyeusi juu ya mto mwekundu. Sheria ilisema aliyeuona Uso umezimika akatoe taarifa, na asiyetoa taarifa ni mshiriki, na anayetoa taarifa aeleze alikuwa anafanya nini hapo. Kwaya nzima ikafumba macho, soprano kwanza, besi wakafuata, ili isemekane hawakuona. Waziri akautazama waya wa spika. Akaufuata kwa macho kutoka kwenye soketi, ukavuka ua, ukapita chini ya meza, ukapanda, ukaishia kwenye maikrofoni aliyokuwa ameishika mwenyewe. Uso wake ukawa kama jivu.

Lakini mtu hapewi udaktari mara mbili bure.

"Ndugu wananchi," alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, "tafadhali tulieni. Mlezi anafikiri."

Watu wakafumbua macho.

"Kiongozi wa kawaida hufikiri macho yakiwa wazi," Waziri akaendelea, akiushika uzi. "Mlezi wetu fikra zake ni nzito mno. Zikimjia, hufumba. Leo amechagua kufikiri hapa, nyumbani kwa Mzee Ngwali. Ni heshima kubwa kwa mtaa huu."

Makofi yaliyopigwa hapo hayajawahi kusikika, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anapigia shingo yake mwenyewe. Katikati ya makofi hayo Bi Riziki akapita na chaja mkononi, akawapangua soprano, akang'oa waya wa spika, akachomeka simu ya mumewe.

"Mwenye mkutano aendelee kwa mdomo," alisema.

Simu ikakaa kimya, ikatetemeka, ikawaka. Uso wa Mlezi ukarudi, umenuna vile vile, hauna habari. Mzee Ngwali akagusa kitufe. Kitufe kikasogea kulia. Kikakaa. Kikaendelea kukaa. Wapiga picha wakawa wanakiangalia tu, hawajui wafanye nini na kitu ambacho hakirudi. Mara simu ikaanza kuita, na kwenye kioo akatokea Salha, mikono imejaa hina, macho mekundu.

"Baba! Ulikuwa wapi? Sheikh alikuwa anavaa viatu!"

"Nipo, mwanangu. Nipo."

Sheikh akajisogeza kwenye kioo, kiatu kimoja mguuni. "Mzazi ni yupi hapo? Huyo mwenye miwani nyuma yako ndiye?"

"Hapana, sheikh. Huyo ni Waziri."

"Anaozesha yeye?"

"Hapana, anapita tu."

Mzee Ngwali akatengeneza kofia. "Nakuozesha mwanangu Salha, kwa mahari mliyoyakubali..."

"Nimekubali!" akadakia Waziri, kwa kuwa kazini kwake hakuna sentensi iliyowahi kutoka kwenye kioo kile bila yeye kuikubali.

Ng'ambo watu wakaguna. Mama wa bwana harusi akauliza kama hapa kuna posa mbili. Sheikh akaomba yule mwenye miwani atolewe kwenye kioo, Bi Riziki akamtoa kwa kumvuta koti, na maneno yakaanza upya.

"Nakuozesha mwanangu Salha, kwa mahari mliyoyakubali," akasema Mzee Ngwali, na safari hii sauti ilimkatika mwishoni, akaacha ikatike.

"Nimekubali kumuoa," likaja jibu la kijana, na Bi Riziki akapiga kigelegele kilichomwamsha mtoto wa nyumba ya nne. Kwaya nayo, kwa kutozoea kuimba jambo la kweli, ilichelewa kidogo, halafu ikaangusha vigelegele vya nguvu.

Taarifa ya habari ya jioni ilibidi iseme kitu, kwa vile watu wengi walikuwa wameona. Waziri akasimama akaeleza kwamba kufikiri kwa Mlezi ni jambo la kawaida, na kwamba raia yeyote mwenye tatizo la waifai anaruhusiwa kumpa Mlezi nafasi afikiri.

Wakampa. Nchi nzima ilikuwa na waifai iliyokataa, na kumbe kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Nyuso zikafikiri sokoni, zikafikiri hospitalini, zikafikiri kwenye foleni ya benki. Nyingine zilipowashwa, vitufe vikashika. Nyingine wenyewe hawakuwa na haraka ya kuziwasha. Watu wakagundua kwamba uso ukiwa unafikiri, chakula kinalika vizuri zaidi, mume anamwambia mke bei ya sukari ilivyo kwa kweli, na utani wa zamani unachekesha tena.

Serikali ikashtuka. Ikatoa amri kali kwamba Mlezi amefikiri vya kutosha na aamshwe mara moja kila nyumba, na amri hiyo ikatumwa kwa haraka kwenye simu za wananchi wote.

Hakuna aliyeipata. Ndipo akatumwa Afande Kombo kwa miguu.

Alimkuta Mzee Ngwali na mkewe barazani wanakunywa chai, wametoka kuzungumza na Salha, na simu iko mezani, nyeusi.

"Mzee wangu, nimetumwa," akasema Kombo, akifuta jasho. "Mlezi awashwe."

"Umetuambia, Afande, tumesikia," akajibu Mzee Ngwali kwa upole. "Ukae kidogo. Umetembea sana."

Kombo akakaa, masharubu yamelala. Bi Riziki akammiminia chai, akamwangalia.

"Na yako je, Afande? Inashika?"

Kombo akaitoa simu yake mfukoni, akaitazama, nayo ikamtazama. "Haishiki," alisema. "Tangu mama alipohamia kwa dada yangu ng'ambo haijashika. Mimi ndiye Mkaguzi, bibi. Ningemwomba nani?"

Akatazama barabarani upande wa kulia, akatazama upande wa kushoto, akaibonyeza pembeni na kuishikilia mpaka ikazimika. Wakanywa chai. Kisha akaiwasha, akagusa kitufe, na jumbe za mama yake zikaanza kuingia moja juu ya nyingine, za miaka yote ile. Akaifungua ya kwanza kabisa. Ilikuwa imeandikwa: "Kombo, nimefika salama. Ukiipata hii nijibu, nisije nikalala na wasiwasi."

Akaivua kofia ya kazi akaiweka sakafuni, akaanza kuandika jibu kwa kidole kimoja, polepole, na nyumba zilizobaki mtaani hazikuambiwa kitu.